Kufufua boti ya faiba iliyooza ndani: mwongozo kamili kwa fundi na mwenye boti wa Kigoma

Faiba haiozi. Ukiikuta boti ya mwendo kasi ya miaka ya 1970 au 1980 imelala chini ya mwembe Ujiji au Bangwe, rangi imepauka na sakafu inabonyea ukiikanyaga, kuna uwezekano mkubwa kwamba ganda lake bado ni zima. Kilichokufa ni mbao zilizofungiwa ndani. Boti hizi, hasa zile fupi za futi 14 hadi 17 zilizoundwa kwa ajili ya kuvuta watu wa skii (mchezo wa kuteleza juu ya maji ukivutwa kwa kamba), zina mihimili miwili au minne ya mbao inayotoka nyuma kuelekea mbele, zina ubao mnene wa nyuma unaobeba injini, na zina sakafu ya plaiwudi. Mbao hizo zilifunikwa kwa faiba nyembamba, halafu nafasi iliyobaki chini ya sakafu ikajazwa povu la kuelea. Maji yakishaingia humo hayana pa kutokea.

Yanaingilia wapi? Kwenye matundu ya skrubu. Mmoja alifunga kiti, mwingine akafunga pampu, mwingine kishikio cha kamba, na hakuna aliyeziba ukingo wa tundu. Ubao unanyonya kidogo kidogo, kuvu wanaanza kula, na baada ya misimu kadhaa mhimili unabaki kuwa gamba la faiba lililojaa tope jeusi. Kwa nje huoni kitu.

Kwa hiyo kazi hii, ukiondoa mapambo yake, ina mambo mawili: kutoa kila kilichooza bila ganda kupinda, na kurudisha mbao mpya ambazo maji hayatazifikia tena. Kuna mtindo wa kutandika plaiwudi mpya juu ya sakafu iliyooza na kuipiga faiba juu yake. Fundi akikushauri hivyo, mshukuru kisha utafute mwingine. Ziwa Tanganyika lina kina cha hadi mita 1,470, na kwa upande wetu huu ukitoka Kibirizi kilomita chache tu tayari uko juu ya maji ya mamia ya mita. Boti ikivunjika mgongo pale, hakuna kina kifupi cha kusimama.

Ipime kabla ya kununua hata kopo moja

Anza na nyundo ndogo ya plastiki, au mpini wa bisibisi. Gonga ganda lote kwa nje, kiganja kwa kiganja. Faiba nzima inalia sauti kavu na ya juu; penye faiba iliyoachana tabaka sauti inakuwa nzito na butu. Zungushia chaki kila sehemu yenye sauti butu. Ukimaliza, rudi nyuma utazame michoro yako. Viraka vichache vinatibika. Chaki ikizunguka nusu ya tumbo la boti, au ukiona ufa uliopenya kwenye mkuku (uti wa chini wa boti) kutoka nje hadi ndani, tafuta boti nyingine. Nyufa nyembamba kama za yai zilizo kwenye rangi ya juu tu zisikutishe.

Kisha toboa. Chukua drili yenye biti ya milimita 5, toboa ukiwa ndani ya boti kwenye ubao wa nyuma karibu na chini, na kwenye kila mhimili sehemu tatu: nyuma, katikati na mbele. Usipenyeze hadi ganda la nje. Tazama unga unaotoka. Ukitoka mkavu wenye rangi ya mbao, pale ni pazima. Ukitoka mweusi, una majimaji au unanuka kama kichuguu kilicholoa, pameoza. Mbao huanza kuoza chini na nyuma, mahali maji yanapokusanyika, kwa hiyo tundu la juu lisikudanganye.

Kama injini bado imefungwa, inua mguu wake, ushike sehemu ya chini na kuusukuma juu na chini huku mwenzako akitazama ubao wa nyuma. Ubao mzima hautikisiki. Ukiona unapumua, hata kidogo, umeisha.

Kwa boti ya futi 16 inayohitaji mihimili, ubao wa nyuma na sakafu vyote vipya, jiandae kwa rezini (gundi ya majimaji inayolowesha faiba na kuganda) kati ya kilo 40 na 60, plaiwudi nne hadi sita za futi 8 kwa 4, na faiba ya kutosha kuitumia rezini hiyo. Piga hesabu hiyo kwa bei za mtaani kwako kabla hujashika msumeno. Wengi huishia kukata boti, kisha fedha inakata, na ganda lililofunguliwa linakaa mvua mbili likipinda. Boti iliyoachwa hivyo haifai tena.

Panga pia na majira. Kiangazi chetu, Juni hadi Septemba, ndicho kipindi cha kupiga faiba. Kubomoa unaweza kuanza mwishoni mwa masika chini ya turubai, lakini rezini na ubao havipatani na unyevu.

Kitanda cha boti

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na madhara hayaonekani mpaka boti iingie majini. Sakafu na mihimili ndivyo vinavyoshika umbo la ganda. Ukivitoa, ganda linakuwa laini na litafuata chochote lilicholalia. Trela peke yake haitoshi, kwa sababu rola zake hugusa sehemu chache tu.

Tengeneza kitanda cha mbao za inchi 2 kwa 6. Kila baada ya sentimita 60 hadi 80 weka ubao wa kukingama uliokatwa kufuata umbo la tumbo la boti, na juu yake upigilie kipande cha zulia kuukuu. Umbo lichukue kwa boksi gumu: lisogeze kwenye ganda, chora, kata, jaribu, punguza, mpaka mwanga usipite kati yake na faiba. Hakikisha ubao mmoja uko chini kabisa ya ukingo wa nyuma.

Sawazisha kitanda kwa mpira wa maji, ule ule wanaotumia mafundi ujenzi kupata levo ya msingi. Vuta uzi kutoka ncha ya mbele hadi katikati ya ubao wa nyuma, uone kama mkuku unaufuata. Pima pembe kwa pembe, kutoka ncha ya mbele hadi kona mbili za nyuma. Vipimo viwe sawa. Kisha funga mbao tatu kukingama juu, kutoka ukingo hadi ukingo, zishike upana uliopo sasa. Andika upana huo ukutani kwa kalamu isiyofutika, maana daftari hupotea.

Boti ya skii ina jambo moja la ziada. Chukua rula ndefu iliyonyooka, au bomba la mraba la alumini, uiweke chini ya tumbo la boti kwenye mita moja na nusu ya mwisho, ukifuata urefu. Eneo hilo ndilo boti hulalia inapokimbia. Likiwa limebonyea kwenda ndani, pua ya boti itakuwa inashinikizwa chini na boti itakuwa nzito kunyanyuka. Likiwa limetuna kwenda nje, pua itadunda juu na chini kwa kasi, na hakuna urekebishaji wa injini utakaoiponya. Kama kuna mbonyeo unaotokana na kukaa vibaya miaka mingi, huu ndio wakati wa kuunyoosha: sukuma taratibu kwa kabari kutoka chini au kwa jeki ndogo kutoka ndani, na uuache hapo mpaka mihimili mipya iushike.

Kufungua

Tangi la mafuta hutoka kwanza, pamoja na mipira yake, kabla grenda haijaletwa hata karibu. Mvuke wa petroli hujificha chini ya sakafu na cheche moja inatosha. Toa, acha boti ipigwe upepo siku nzima, ndipo uendelee.

Vua injini, nyaya, usukani na viti. Kila kitu kipige picha kikiwa mahali pake, na kila nyaya uifunge utepe wenye maandishi. Injini inayokwenda kukaa miezi ipake mafuta ndani ya silinda na grisi kwa nje. Kigoma tuna ushahidi mzuri wa kazi ya grisi: meli ya Liemba ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 baada ya kuzipaka injini zake grisi nene, ikaibuliwa 1924 na kurudi kazini 1927.

Sakafu ikate kwa msumeno wa duara uliowekwa kina cha unene wa plaiwudi tu, usije ukapasua tumbo la boti. Kata ukiacha ukingo wa sentimita tano hivi pembeni, ukingo huo utautoa baadaye kwa grenda. Chini utakuta povu. Likamue kipande kimoja mkononi: likitoa maji, lote litoke. Povu lililolowa halikauki, hata ukilianika kiangazi kizima, na boti ndogo inaweza kuwa inabeba mzigo wa watu wawili watatu kwa maji ya povu peke yake.

Kabla ya kung'oa mihimili, pima urefu wake kwenda juu kila baada ya sentimita 30, na umbali wake kutoka mkukuni. Chora umbo lake kwenye boksi. Hata mhimili uliooza kabisa, gamba lake la faiba ndilo ramani yako. Usilitupe mpaka mpya ukae.

Usitoe kila kitu kwa mpigo. Mimi huanza na ubao wa nyuma huku mihimili ya zamani ikiwa bado imeshika ganda, nikiikata sentimita 20 tu mwishoni ili nipate nafasi ya kazi. Ubao wa nyuma ukishakauka mahali pake, natoa mhimili wa kushoto na kurudisha mpya, kisha wa kulia. Inachukua muda mrefu zaidi, na ndiyo njia inayolinda umbo.

Vumbi

Rezini ya poliesta haiungani na faiba kuukuu kwa kuyeyukiana nayo. Inashika kwa kung'ang'ania mikwaruzo. Kwa hiyo kila sehemu itakayopokea faiba mpya isagwe kwa grenda yenye diski ya msasa namba 36 au 40, mpaka rangi na uchafu viishe na uone faiba safi isiyong'aa. Saga upana wa sentimita 20 kila upande wa mahali mhimili utakapokaa. Penye kung'aa, rezini itabanduka kama ganda la ndizi siku ya wimbi la kwanza.

Vumbi hili ni vioo. Vaa barakoa yenye vichujio, miwani iliyoziba pembeni, mikono mirefu iliyofungwa kwa utepe kwenye glavu. Kitambaa cha kujifunga puani hakisaidii. Ukimaliza, jisuuze kwanza kwa maji baridi bila kujisugua, ndipo upake sabuni. Maji ya moto hufungua ngozi na vumbi likazama. Watoto na kuku wasiwe karibu. Na vumbi hilo pamoja na vipande vya faiba vikusanye kwenye viroba, vifukiwe jalalani mbali na maji. Ziwa hili tunakunywa.

Baada ya kusaga, fagia, pitisha kitambaa kikavu, kisha futa kwa asetoni. Kuanzia hapo usiguse kwa mikono mitupu. Mikono iliyotoka kula ugali na dagaa wa mawese inatosha kuharibu mshiko wa kiraka kizima.

Mbao zipi

Ukienda dukani ukaomba "marinbodi", utapewa ile plaiwudi yenye uso wa kahawia au mweusi unaong'aa wanayotumia kumwagia zege. Hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya boti. Uso wake unakataa rezini, na ndani mara nyingi ina mapengo ambayo maji huyapenda. Gundi yake huwa ya kustahimili maji, kwa hiyo kama huna njia nyingine inatumika kwa sakafu, ukisaga uso wote mpaka ule ung'avu uishe na kuziba mapengo ya kingo kwa rezini nzito. Kwa ubao wa nyuma nakushauri uagize plaiwudi halisi ya majini. Jaribio rahisi: kata kipande, kichemshe saa kadhaa, kikaushe, rudia. Kikiachana tabaka, kirudishe dukani.

Kwa mihimili unaweza kutumia plaiwudi iliyounganishwa au mbao ngumu. Mninga wetu ni mzuri sana: hauvimbi na kunywea hovyo ukishakauka, na unavumilia. Mbao zenye mafuta asilia, kama mtiki, ziache, maana poliesta haizishiki vizuri. Epuka pia mbao iliyopakwa dawa ya mchwa yenye mafuta.

Ubao wowote lazima uwe mkavu kweli. Kata kipande kidogo kutoka kwenye mbao ulizonunua, kipime kwenye mzani wa kidijitali kila siku huku mbao zote zikikaa kivulini penye upepo. Uzito ukiacha kushuka, mbao ziko tayari. Ukifungia unyevu ndani ya faiba, umeupanda uozo mwenyewe.

Rezini na hadina

Rezini ya poliesta ndiyo inayopatikana kirahisi na ndiyo iliyoundia boti hizi. Rezini ya epoksi inashika mbao na faiba ya zamani vizuri zaidi, lakini bei yake iko juu, na mikeka mingi ya faiba (ile ya nyuzi fupi zilizotawanywa) imeshikanishwa kwa gundi inayohitaji poliesta ili iyeyuke. Chagua moja na ubaki nayo. Poliesta juu ya epoksi haishiki vizuri.

Nunua rezini yenye tarehe ya karibuni. Kwenye joto letu hukaa miezi michache tu kabla haijaanza kuganda kopo likiwa limefungwa. Uliza pia kama ni ya kupigia tabaka au ya kumalizia. Ya kumalizia ina nta inayopanda juu na kukausha uso; ukitaka kuongeza tabaka juu yake ni lazima usage kwanza. Ya kupigia tabaka hubaki na unato juu, na tabaka linalofuata likiwekwa ndani ya siku moja huungana nayo barabara. Kazi yote ya ndani tumia hiyo, na ile ya nta ibaki kwa tabaka la mwisho.

Kipimo cha hadina, yaani dawa ya kugandisha rezini, ni gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja ya rezini, yaani asilimia 1 hadi 2. Kwa bomba la sindano ni kama mililita 9 hadi 17. Siku ya nyuzi 28 anzia asilimia 1. Usishuke chini ya hapo ukidhani unajiongezea muda, kwa sababu rezini hiyo haitakomaa hata ikionekana kavu. Ukitaka muda, fanya kazi alfajiri. Changanya nusu kilo kwa wakati mmoja, koroga dakika nzima ukikwangua pembe za chombo, na mimina kwenye beseni pana. Rezini iliyolundikana kwenye kopo lenye kina hujipasha moto yenyewe, huganda ghafla na inaweza kutoa moshi. Kila rezini mpya ijaribie kikombe kimoja kwanza, ukishika saa, ujue inaganda baada ya dakika ngapi.

Hadina ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Miwani isitoke usoni unapoipima, na ndoo ya maji safi iwe hapo hapo. Ikiruka, suuza jicho dakika 15 mfululizo kisha nenda hospitali. Kama rezini yako ni ile inayohitaji kiharakishi cha kobalti, changanya kiharakishi na rezini kwanza mpaka kipotee, ndipo uweke hadina. Kobalti na hadina vikikutana vyenyewe hulipuka. Matambara na mabaki ya makopo yaache nje juu ya mchanga mpaka yapoe.

Ubao wa nyuma

Toa faiba ya ndani na ubao uliooza, ukiacha gamba la nje likiwa zima. Kwa nje funga mbao mbili zilizonyooka ili gamba lisivimbe. Kata ubao mpya kwa ramani ya boksi. Plaiwudi mbili za milimita 18 zikiunganishwa, pamoja na faiba, zinakupa unene wa milimita 40 hivi, unaofaa injini nyingi za kuning'inia nyuma. Kama boti yako ina injini ya ndani yenye mguu unaotokeza nyuma, unene lazima uwe ule ule wa kiwandani, kwa sababu mpira wa mguu umekatwa kwa kipimo hicho. Zingatia pia kimo: mguu mfupi wa injini unataka ubao wa sentimita 38 kutoka chini, mrefu unataka 51.

Pande zote za plaiwudi zipake rezini uziache zinywe, kingo zikipata mara mbili au tatu, maana kingo ndizo zinazonyonya zaidi. Zikiwa bado na unato, weka mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba uliolowa kati ya plaiwudi hizo mbili, na mwingine kati ya plaiwudi na gamba la nje. Juu ya mkeka paka rezini iliyofanywa nzito kwa unga wa silika na nyuzi fupi za faiba, iwe na uzito wa uji wa ulezi uliopoa. Sukuma ubao mahali pake, ubane kwa bolti ndefu kupitia matundu ya zamani ya injini, ukiweka karatasi ya nailoni kwenye mbao za kubania zisigande. Rezini nzito itokeze kwenye kingo zote. Isipotokeza pana hewa.

Ikishaganda, zungushia pembe za ndani rezini nzito na uipitishie mgongo wa kijiko ipate mviringo. Faiba haipendi kona kali: hunyanyuka na kuacha hewa. Kisha piga tabaka: mkeka, kitambaa kilichofumwa, mkeka, kitambaa, mkeka, kila moja ikipita mwenzake sentimita tano kwenda ubavuni na tumboni mwa boti. Mkeka siku zote uguse faiba ya zamani, na siku zote ukae kati ya vitambaa viwili.

Namna ya kulowesha ni hivi. Paka rezini kwanza, laza mkeka juu yake, uache upande wenyewe mpaka weupe uanze kupotea, ndipo uongeze kwa brashi ukigonga wima bila kuburuta. Mwisho pitisha rola ya chuma yenye mifereji kutoka katikati kwenda kingoni mpaka povu liishe. Uzito wa rezini uwe kama mara mbili, au mbili na nusu, ya uzito wa mkeka; kwa kitambaa kilichofumwa ni takriban sawa kwa sawa. Rezini nyingi haiongezi nguvu. Inafanya faiba iwe ngumu na ya kupasuka. Baada ya tabaka tatu au nne simama, acha joto litoke.

Mihimili

Mhimili usikalie ganda moja kwa moja. Ukigusana nalo, kila wimbi litapiga sehemu ile moja mpaka ipasuke. Uinue milimita tano kwa vipande vidogo vya povu gumu, na pengo ulijaze rezini nzito. Kingo zake za juu zipigwe randa ziwe mviringo. Unyooshe kwa uzi ulionao mkukuni, uufunge na mbao za kukingama usitembee, kisha mviringo wa pembeni, kisha tabaka tatu: la kwanza lishuke sentimita 10 kwenye ganda, la pili 15, la tatu 20, na zote zipande hadi juu na kuvuka mgongo wa mhimili.

Kwenye ubao wa nyuma mihimili iungane na viwiko vya pembetatu vya plaiwudi, vilivyopigwa faiba vivyo hivyo. Kwenye boti ya kuvuta skii nguvu za injini na za kamba hukutania pale. Ukiona boti ambayo ubao wa nyuma umechanika kona, mara nyingi viwiko havikuwepo au vilipachikwa kwa rezini bila faiba.

Matundu ya kupitishia maji kwenye mbao zinazokatiza kati ya mihimili yavalishwe vipande vya bomba la plastiki, vilivyokwanguliwa kwa msasa na kuzamishwa kwenye rezini nzito. Usiache tundu la mbao tupu. Kabla ya kufunga sakafu, mwaga ndoo ya maji mbele na utazame: yote yafike nyuma kwenye ngama, sehemu ya chini yanapokusanyika maji. Yakituama mahali, paponye sasa.

Huu pia ndio wakati wa kumwita mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, aione boti ingali wazi. Sakafu ikishafungwa, hakuna anayeweza kuona ulichofanya.

Kuelea na sakafu

Povu la kumwaga la poliurethini ndilo bora: mita moja ya ujazo yenye uzito wa kilo 32 hunyanyua zaidi ya kilo 900. Lisipopatikana, tumia madumu ya lita 20 yaliyokauka, vifuniko vyake vimezibwa kwa gundi. Kila moja linabeba karibu kilo 19. Yafunge kwa mikanda yasicheze, mengi yawe pembeni na nyuma karibu na uzito wa injini, na njia ya maji chini ibaki wazi. Lile boya jeupe la kufungashia televisheni usiliguse: rezini ya poliesta huliyeyusha, na petroli pia.

Sakafu ni plaiwudi ya milimita 12, ikatwe na kujaribiwa ikiwa kavu, ipakwe rezini upande wa chini na kingoni mapema, ilazwe juu ya rezini nzito iliyopakwa kwenye migongo ya mihimili, kisha tabaka mbili za faiba juu zikipanda ubavuni. Acha mfuniko wa kufungulia juu ya ngama.

Rangi ya juu, jelikoti au rangi ya boti, ni suala la msasa na subira. Fundi yeyote wa rangi za magari Mwanga au Gungu atakufanyia vizuri.

Kila tundu

Sasa rudi kwenye chanzo cha ugonjwa. Hakuna skrubu itakayoingia kwenye mbao mpya hivi hivi. Skrubu ya milimita 6 itobolewe tundu la milimita 12, tundu lijazwe rezini nzito, liachwe likauke, kisha utoboe katikati yake tundu jembamba kuliko skrubu, ili skrubu ishike. Hapo skrubu imezungukwa na rezini pande zote na ubao hauguswi. Bolti za injini zifanyiwe hivyo hivyo, ila tundu la katikati lilingane na bolti. Ni kazi ya kuchosha kuliko zote na ndiyo isiyorukwa. Zibia kwa gundi ya poliurethini ya majini. Silikoni ya madirisha haifai chini ya maji.

Pete ya kufungia kamba ya skii ipenye ubao wa nyuma, na kwa ndani iwe na bamba pana la chuma kisichoshika kutu. Isifungwe kwa skrubu kamwe.

Majini

Safari ya kwanza iwe asubuhi ziwa likiwa limetulia, karibu na ufukwe, kila mtu na jaketi la kuokolea. Kuanzia Mei hadi Agosti kusi huleta mawimbi makubwa, usiyatumie kwa majaribio. Kaa kwanza nusu saa boti ikielea bila kuwasha injini, mfuniko wa ngama ukiwa wazi, uone kama kuna unyevu. Kisha mwendo mdogo, kisha wa kati, huku mmoja akiwa ameweka kiganja kwenye viwiko vya nyuma. Mtetemo ni wa kawaida. Mlio wa kukatika au kupinda kunakoonekana kwa jicho si wa kawaida, rudi nchi kavu. Mvutwa skii aje baada ya boti kukimbia na mifuko ya mchanga yenye uzito wa abiria.

Baada ya saa kumi za mwendo kaza tena bolti zote za injini, kwa kuwa mbao mpya hujibana kidogo. Na kila boti inapopanda nchi kavu, pua iwe juu, kizibo cha nyuma kitolewe, mfuniko wa ngama ufunguliwe upepo upite.